Angani Hakuna Kisima

Tarehe 11 Septemba 2013, jijini Nairobi, Serikali ya Kenya pamoja na shirika la UNESCO walitoa tangazo lililozunguka dunia nzima ndani ya siku moja. Chini ya ardhi ya Turkana, kaunti ambayo akina mama hufukua mchanga wa laga, yaani mto wa msimu uliokauka, ili wapate dumu moja la maji, kuna hazina inayokadiriwa kufikia mita za ujazo bilioni 250. Sehemu kubwa yake, watu wakaambiwa, iko katika bonde la Lotikipi, magharibi mwa Ziwa Turkana. Picha za rada kutoka setilaiti, zikiunganishwa na ramani za jiolojia na takwimu za mitetemo ya ardhi, ndizo zilizoonyesha pa kuchimba. Vyombo vya habari vikapiga hesabu na kuandika kwamba Kenya imepata maji ya kuitosha kwa miaka 70.

Kazi ya kuchimba ikaendelea, na maji ya Lotikipi yakapimwa maabara. Yalikuwa na chumvi nyingi kiasi kwamba hayafai kunywewa bila kusafishwa kwa mitambo ya gharama kubwa. Mji wa Lodwar ukaendelea kutegemea visima vilivyo kando ya Mto Turkwel, na akina mama wakaendelea kufukua laga.

Tangazo lile lilistahili kuwafundisha watu subira. Badala yake, imani iliyolizaa imezidi kuota mizizi. Imani hiyo inasema kwamba zama za kutembelea visima zimekwisha: siku hizi setilaiti inaona maji yaliyo chini ya ardhi popote duniani, kila mwezi, bila malipo, na mstari wa grafu ukishuka basi chanzo kinajulikana, ni mabadiliko ya tabianchi. Imani hii husikika kwenye warsha za wafadhili na katika maandiko ya miradi, na husomwa kwenye makala za magazeti zenye ramani za rangi nyekundu na buluu. Ina mvuto kwa sababu inaahidi ujuzi pasipo jasho. Lakini ina makosa mawili makubwa, na yote mawili yanawagharimu watu wanaokunywa maji ya visima, ambao katika Afrika Mashariki ni mamilioni.

Ni haki kwanza kueleza kile ambacho setilaiti inafanya, kwa kuwa ni kazi ya ajabu kweli. Mwezi Machi 2002 vyombo viwili pacha, vilivyobuniwa na mashirika ya anga ya Marekani na Ujerumani, vilirushwa kutoka kituo cha Plesetsk nchini Urusi. Mradi huo uliitwa GRACE. Pacha hao walizunguka dunia kwa urefu wa takriban kilomita 500, mmoja akimfuata mwenzake kwa umbali wa kilomita 220 hivi. Hawakuwa na kamera ya kutazama ardhi. Kilichopimwa ni umbali baina yao, kwa usahihi wa kukaribia sehemu moja ya elfu ya milimita. Chombo cha mbele kinapokaribia mahali penye uzito mkubwa zaidi, mlima au bonde lililojaa maji ya masika, kinavutwa kidogo na kumwacha mwenzake. Wa nyuma akifika hapo naye anavutwa, na umbali unarudi. Kutokana na mchezo huo wa kuachana na kukaribiana, wanasayansi hukokotoa jinsi mvutano wa dunia unavyobadilika mwezi hadi mwezi. Na kwa kuwa milima haihami, mabadiliko hayo kwa sehemu kubwa ni ya maji. Pacha wa kwanza walistaafu mwishoni mwa 2017, na Mei 2018 wakarithiwa na GRACE-FO, ambao wangali kazini.

Kwa hiyo chombo hiki hakioni maji. Kinapima uzito, na kinapima uzito wa kila kitu kwa pamoja. Lori likipanda mizani ya Vigwaza, namba inayojitokeza ni ya gari, mafuta, utingo, mahindi na mchele kwa mkupuo mmoja. Anayetaka kujua uzito wa mchele peke yake hana budi kuujua uzito wa vingine vyote kisha auondoe. Setilaiti nayo hutoa jumla: maji ya maziwa, ya mito, ya mabwawa, unyevu wa udongo, theluji kama ipo, halafu ndiyo maji ya ndani ya miamba. Ili kuyapata hayo ya mwisho, mtaalamu huchukua makadirio ya unyevu wa udongo kutoka kwenye modeli za kompyuta, huchukua viwango vya maziwa, huvitoa, na kinachobaki hukiita maji ya chini ya ardhi. Kosa lolote katika makadirio hayo huangukia kwenye kinachobaki.

Katika Afrika Mashariki kosa hilo si dogo. Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800. Likipanda au kushuka sentimita moja tu, maji yaliyoongezeka au kupungua ni karibu mita za ujazo milioni 700, ambayo ni mara nyingi zaidi ya maji yote yanayopampwa kwa mwaka mzima katika visima vya Makutapora vinavyolisha jiji la Dodoma. Hapo bado hayajatajwa maziwa ya Tanganyika, Nyasa, Turkana na mengineyo ya Bonde la Ufa. Uzito wa ziwa, ukitazamwa kutoka urefu ule, hauishii ufukweni. Hutapakaa na kuonekana kana kwamba uko pia kwenye nchi kavu iliyo jirani. Ramani inayoonyesha maji ya chini ya ardhi yameongezeka mkoani Mara au Kagera yaweza kuwa inaonyesha ziwa tu.

Halafu kuna suala la ukubwa. GRACE haisomi vizuri eneo lililo dogo kuliko kilomita za mraba 100,000 hivi, na wataalamu wengi waangalifu hutaka zaidi ya hapo. Mkoa wa Dodoma una kilomita za mraba 41,311. Maana yake, mkoa mzima, pamoja na sehemu ya mikoa inayouzunguka, unaingia ndani ya doa moja la ramani. Bonde la Makutapora ndani ya doa hilo halionekani kabisa. Unguja, ambako visima vya pwani viko katika hatari ya kuingiliwa na maji ya bahari, ina kilomita za mraba zipatazo 1,600. Miamba yenye maji chini ya Nairobi, ambayo kila mwenye jengo refu na kila muuza maji kwa boza anaifukuzia kwa visima vya mamia ya mita, nayo ni midogo mno. Uamuzi ulio mgumu zaidi katika utawala wa maji, yaani huyu apewe kibali cha kuchimba na yule anyimwe, huhitaji kujua hali ya maji katika ngazi ya kata na mtaa. Ngazi hiyo setilaiti ya kupima mvutano haiifikii, na hakuna ujanja wa kompyuta utakaoifikisha huko bila kulishwa takwimu za visima.

Watetezi wa anga wana jibu lao, nalo ni zito: India. Mwaka 2009 Matthew Rodell wa NASA, pamoja na Isabella Velicogna na James Famiglietti, walichapisha katika jarida la Nature utafiti ulioonyesha kwamba majimbo ya Rajasthan, Punjab na Haryana, pamoja na Delhi, yalipoteza kilomita za ujazo 109 za maji ya chini ya ardhi kati ya Agosti 2002 na Oktoba 2008. Habari ile iliitikisa dunia, na ilistahili. Vivyo hivyo kwa mabonde ya Tigris na Euphrates, ambako nchi jirani hazina mazoea ya kupeana takwimu. Huko setilaiti ilionyesha kati ya 2003 na 2009 upotevu wa kilomita za ujazo 144 hivi, zaidi ya nusu yake ikiwa maji ya chini ya ardhi. Serikali inaweza kuficha daftari, lakini haiwezi kuficha uzito. Hilo ni jambo jema, na hakuna mtu mwenye nia safi atakayelikana.

Lakini utafiti uleule wa India ukisomwa kwa makini unaipinga imani inayoutumia kama ushahidi. Kwanza, uzito uliopungua ulikuwa sawa na tabaka la maji la sentimita 4 kwa mwaka likitandazwa juu ya eneo lote. Mkulima hajui sentimita hizo ni nini. Anachojua ni kwamba kisima chake kimeshuka. Ili kugeuza sentimita 4 za maji kuwa kina cha kisima ni lazima kujua mwamba unaachia maji kiasi gani. Ikichukuliwa kwamba unaachia asilimia 12, kushuka kunakuwa takriban sentimita 33 kwa mwaka. Asilimia hiyo 12 hutoka ardhini, kwa watu waliopampa visima na kupima jinsi maji yanavyoitikia. India ina zaidi ya visima 20,000 vya uangalizi vinavyosomwa mara kadhaa kwa mwaka. Setilaiti ilikuta nchi ambayo tayari ilikuwa na macho, ikaiongezea jicho moja.

Pili, na hili ndilo linalosahaulika zaidi, katika miaka ile mvua ya kaskazini-magharibi mwa India haikuwa haba. Ilikuwa ya kawaida. Maji yalikwisha kwa sababu yalipampwa kumwagilia mpunga na ngano, katika jimbo la Punjab ambako wakulima walikuwa wakipewa umeme wa pampu bure. Aliyeitazama ramani nyekundu akasema "tabianchi" alikosea mtuhumiwa, na sera iliyokuwa na hatia ikapita bila kuulizwa.

Hapo ndipo lilipo kosa la pili la imani hii, la kuyahusisha maji ya chini na tabianchi kwa mstari mmoja ulionyooka. Mvua ipungue, maji ya chini yapungue; joto lizidi, visima vikauke. Inasikika kama akili ya kawaida. Ushahidi wa visima vya Afrika unasema mambo mengine kabisa.

Mfano ulio bora zaidi uko Tanzania, nao haujulikani inavyostahili hata kwa Watanzania wenyewe. Kaskazini mwa Dodoma, Makutapora, vipo visima ambavyo viwango vyake vya maji vimekuwa vikiandikwa tangu miaka ya 1950. Mwaka 2013 Richard Taylor wa chuo kikuu cha UCL cha London, akishirikiana na wataalamu wa Tanzania akiwemo Lister Kongola, walichapisha katika jarida la Nature Climate Change uchambuzi wa miaka 55 ya vipimo hivyo. Walichokikuta ni kwamba miaka mingi mvua inanyesha Makutapora, mtama unaota, watu wanavuna, na kisima hakipati hata tone. Maji hujazwa kwa nadra, katika misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, ambayo mara nyingi huambatana na El Niño na hali ya Bahari ya Hindi kuwa na joto zaidi upande wa Afrika. Msimu wa 1997/98, ule wa mafuriko yaliyong'oa madaraja na reli, ulikijaza kisima kuliko msimu mwingine wowote katika rekodi yote. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha sehemu kubwa ya maji hayo hupenya kupitia vitanda vya mchanga vya mito ya msimu, pale korongo linapotiririka kwa siku kadhaa kutoka vilimani.

Jambo hili lina uzito wake. Mafuriko yaliyowaua watu na kuharibu barabara ndiyo yaliyoinywesha Dodoma kwa miaka iliyofuata. Na kwa kuwa dunia inayopata joto inaelekea kuwa na mvua zinazokuja kwa vishindo, sehemu kavu za tropiki zaweza kupata maji mengi zaidi chini ya ardhi wakati uleule udongo wa shambani unapokauka haraka. Haina maana kwamba mabadiliko ya tabianchi ni neema, wala hakuna mtafiti wa Makutapora aliyesema hivyo. Maana yake ni kwamba uhusiano una kona, na kona hizo hugunduliwa kwa vipimo virefu tu.

Urefu ndio udhaifu mwingine wa setilaiti. GRACE ilianza Machi 2002. El Niño ya 1997/98 ilikwisha kupita. Chombo ambacho hakikuwapo siku ghala lilipojazwa kinaulizwa kwa nini ghala linapungua. Tena kuanza kwake kuligongana na tukio la pekee katika ukanda huu: kati ya 2004 na 2006 Ziwa Victoria liliporomoka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka takriban 80, kisha mvua za mwisho wa 2019 zikalipandisha kwa zaidi ya mita moja ndani ya miezi michache, hata Mei 2020 likaivunja rekodi ya 1964. Anayechora mstari kutoka 2002 hadi 2006 atatangaza kwamba Afrika Mashariki inakauka. Anayechora kutoka 2006 hadi 2020 atatangaza kwamba inafurika. Wote wawili watakuwa na grafu nzuri, na wote wawili watakuwa wamewapotosha wasomaji.

Hata lile anguko la 2004 hadi 2006 halikuwa la mbingu peke yake. Ukame ulikuwapo, lakini wachambuzi waliopiga hesabu ya maji yaliyoingia na kutoka ziwani walikuta kwamba karibu nusu ya upungufu ilitokana na mabwawa ya umeme ya Jinja nchini Uganda, yaliyokuwa yakifungulia maji mengi kuliko yanavyoruhusiwa na kanuni ya zamani ya kuufuata mtiririko wa asili wa ziwa. Wavuvi waliotazama mitumbwi yao ikikaa juu ya tope pale gati lilipokuwa waliambiwa kwamba ni mabadiliko ya tabianchi. Nusu ya jibu ilikuwa kwenye lango la zege, na ilipatikana kwa kulinganisha vipimo vya mtiririko wa mto na vya usawa wa ziwa, vipimo vya watu waliosimama kando ya maji.

Ipo pia Niger, kisa ambacho kila mwanafunzi wa maji barani angepaswa kukijua. Kusini-magharibi mwa nchi hiyo, karibu na Niamey, Sahel ilipigwa na ukame mkali katika miaka ya 1970 na 1980. Mifugo ilikufa na watu wakahama. Katika kipindi hichohicho maji ya visima yalikuwa yakipanda: karibu mita 4 kati ya 1963 na 2007. Sababu ilikuwa jembe. Vichaka vilifyekwa kupisha mashamba ya uwele, udongo ukafanya ganda juu, maji ya mvua yakaacha kunywewa papo hapo yakakimbilia mabondeni, yakatuama kwenye madimbwi na kupenya chini. Mvua imepungua, maji ya chini yameongezeka. Nani angelibuni hilo akiwa amekaa mbele ya kompyuta? Lilijulikana kwa sababu watu walikwenda kijiji hadi kijiji na kushusha utepe visimani kwa zaidi ya miongo minne.

Hata miongoni mwa wanaoitumia GRACE wenyewe mzozo umekuwa mkali. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha California waliitazama miamba mikubwa 37 yenye maji duniani na kuhitimisha kwamba 21 kati yake inapoteza maji. Vichwa vya habari vikalia. Mwaka 2020 Mohammad Shamsudduha na Richard Taylor waliirudia miamba ileile 37, kwa takwimu za setilaiti ileile, wakiongeza miaka na kuweka wazi mashaka ya modeli. Wakakuta kwamba mstari ulionyooka wa kushuka unaieleza vyema miamba 5 tu. Kwingine kote maji hupanda na kushuka kwa mirindimo, mara nyingi yakiruka juu baada ya mvua za kipekee. Kutoka 21 hadi 5, kwa chombo kilekile. Mtu anayesema "setilaiti imeonyesha" anapaswa kuulizwa: imeonyesha mikononi mwa nani, kwa miaka ipi, na ikahakikiwa na visima gani?

Swali hilo la mwisho ndilo linalouma. Mwaka 2019 Mark Cuthbert na wenzake wengi, wakiwemo watafiti wa Kiafrika, walichapisha kazi kubwa kuhusu jinsi maji ya chini yanavyoitikia mvua kusini mwa Sahara. Walitafuta rekodi ndefu za visima barani. Walizotumia zilikuwa 14, kutoka nchi 9, Makutapora ikiwa mojawapo. Kumi na nne, kwa eneo lenye watu zaidi ya bilioni moja. Rekodi hizo chache zilitosha kuvunja dhana kadhaa, kwa mfano ile ya kwamba sehemu kavu ndizo zitakazokosa maji ya chini kwanza. Mtu anaweza kujiuliza rekodi 140 zingevunja dhana ngapi.

Wanaoitetea imani ya anga hujibu kwamba umaskini ndio sababu. Visima vya uangalizi ni ghali, wanasema, serikali zetu hazina fedha, na takwimu za setilaiti ni za bure. Hoja hii inadanganya kwa kuacha mambo. Kilicho ghali ni kuchimba, na visima vimekwisha kuchimbwa kwa maelfu: vya miradi iliyokufa, vya shule, vya misheni, vilivyokauka kidogo vikaachwa, vilivyoharibika pampu. Vingi vingeweza kuwa vya uangalizi kwa kufungwa kifuniko chenye kufuli na kupewa mtu wa kuvisoma.

Na kazi ya kusoma yenyewe inajulikana. Msomaji hufungua kifuniko, huushusha utepe wenye alama za sentimita, na ncha yake inapogusa maji kengele hulia kwenye gurudumu. Huuvuta juu kidogo, huushusha tena, ili awe na hakika. Kisha huandika tarehe, saa, na kina kutoka mdomo wa bomba. Halafu huandika jambo ambalo hakuna chombo cha angani kitakachomwandikia: kama pampu ya kisima jirani ilikuwa inafanya kazi, tangu saa ngapi, kama umeme ulikatika usiku, kama korongo lilitiririka wiki iliyopita. Bila maelezo hayo namba ya kina inaweza kupotosha, maana maji hushuka karibu na pampu inayovuta na kurudi ikizimwa. Akiwa palepale anaweza kuchota chupa moja ya maji kwa ajili ya maabara. Katika Bonde la Ufa, ambako fluoridi imewapaka watoto wa Arusha na kwingineko meno ya kahawia na kuwapinda mifupa wengine, chupa hiyo ina thamani kuliko ramani yoyote ya wingi. Turkana ilikwisha kulipia somo hilo.

Lingine wanalolisahau ni kwamba mwendelezo wa setilaiti hauko mikononi mwetu. Kati ya kustaafu kwa pacha wa kwanza na kuanza kazi kwa wa pili kulikuwa na pengo la karibu mwaka mzima bila kipimo. Warithi wao wanatarajiwa kurushwa si kabla ya 2028, ikiwa bajeti za Washington na Berlin zitaruhusu. Nchi iliyoacha visima vyake vife ikitegemea zawadi hiyo imeuweka ujuzi wa maji yake kwenye mabunge isiyoyapigia kura. Ipo setilaiti ya aina nyingine, ya rada, ambayo hupima kwa milimita jinsi ardhi inavyodidimia pale maji yanapovutwa kupita kiasi, kama ilivyodhihirika Mexico City, Jakarta na bonde la kati la California. Hiyo inaona hadi mtaa, na miji yetu ingefaidika nayo. Lakini nayo huona ardhi iliyokwisha kudidimia. Kisima kinachosomwa kila mwezi hutoa onyo kabla.

Dodoma ndipo hoja hii inapokuwa ya dharura. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika jiji hilo. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Wizara zimehamia, vyuo vimepanuka, na Makutapora bado ni tegemeo. Ghala linalojazwa kwa misimu michache isiyotabirika linachotwa kila siku kwa kasi inayozidi kukua. Kiasi salama cha kuchota kati ya El Niño moja na nyingine ndilo swali kuu la mji mkuu wa Tanzania. Setilaiti inayolichanganya bonde hilo na mikoa ya jirani haiwezi kulijibu. Daftari lililoanza miaka ya 1950 linaweza, likiendelezwa, likilindwa, na likiwekwa mahali ambapo mwandishi wa habari, diwani na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine wanaweza kulisoma bila kuomba kibali.

Kwa hiyo wanaotunga sera waache kuchagua kati ya anga na ardhi kana kwamba ni mashindano. GRACE itumike kwa kazi inayoiweza: kuonyesha mwenendo wa mabonde makubwa, kulinganisha miaka, kuwabana wanaoficha. Isitumike kuhalalisha kufutwa kwa mafungu ya visima vya uangalizi, wala kumsafisha mpampaji mkubwa kwa kusingizia mvua. Kila kibali cha kisima cha biashara kiambatane na sharti la bomba jembamba la kupitishia utepe na vipimo vya kila mwezi vinavyopelekwa kwenye bodi ya bonde. Kila mfadhili anayeleta mradi wa ramani aambiwe asilimia fulani iende kwa wasomaji wa visima walio wilayani, kwa mishahara na nauli, kwa muda mrefu kuliko mradi wenyewe.

Na bajeti ya maji itakaposomwa tena, iwe Dodoma au Nairobi, mbunge yeyote anayejali wapiga kura wake aombe takwimu tatu: visima vingapi vya uangalizi vipo, vingapi vilisomwa mwezi uliopita, na wananchi watayaona wapi matokeo yake.